Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam: Nenda Ukatazame Mapaa

Ukimwambia dereva wa bajaji akupeleke Makumbusho bila kuongeza neno, yaelekea atakushusha katika stendi ya daladala, kwa kuwa kwa wakazi wengi wa Kinondoni jina hilo limekwisha kuhama kutoka kwenye makumbusho yenyewe na kuwa jina la kituo cha magari. Ndivyo ilivyotutokea shangazi yangu, binti yangu wa miaka 9 na mimi: tulijikuta katikati ya wapiga debe wa Tegeta na Mbagala, tukalazimika kurudi kwa miguu hadi Barabara ya Bagamoyo, shangazi akinung'unika kuhusu magoti yake. Basi taja jina kamili, Kijiji cha Makumbusho, na ulitaje mapema kabla bajaji haijaondoka.

Kijiji hiki kilifunguliwa mwaka 1966 na kimo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Ni eneo la wazi lenye miti ya kivuli, ambamo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi, kila moja ikiwa na vyombo vyake vya ndani, na pembeni yake mazao ya aina inayolimwa huko ilikotoka. Wengi huja kwa ajili ya ngoma zinazochezwa hapo, nami sina ugomvi na ngoma. Hata hivyo naona kwamba mtu aliyekaa kwenye benchi akisubiri mlio wa kwanza, kisha akaondoka baada ya wa mwisho, amelipa kiingilio bila kuona kile alicholipia. Kinachostahili safari ni mapaa.

Anza na tembe ya Wagogo, watu wa Dodoma. Ni nyumba fupi, ya pembe nne, ambayo mtu mzima huingia akiwa ameinama, na paa lake ni bapa: boriti zimelazwa, juu yake fito na vijiti, na juu ya vijiti udongo. Mtu aliyezaliwa Dar es Salaam huliangalia akadhani kuwa mjenzi alichoka kabla ya kumaliza kazi. Lakini Dodoma, katika mwaka wa kawaida, hupata mvua ya takriban milimita 600 tu, na miti mirefu iliyonyooka haipatikani kila mahali, wakati upepo ni mwingi na jua ni kali. Hivyo paa zito la udongo huifanya nyumba ikae baridi mchana, halishiki moto kwa urahisi, na laweza kuanikiwa nafaka. Nyumba za namna hii hupangwa kuzunguka ua, na ng'ombe hulala katikati, penye ulinzi.

Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwenye msonge wa Wahaya, usisimame njiani, ili tofauti ikupige machoni. Ukanda wa Bukoba ulio karibu na Ziwa Victoria hupata mvua mara tatu ya ile ya Dodoma, na zaidi. Kwa hiyo nyumba ya huko haina ukuta unaoonekana: ni nyasi kuanzia kileleni hadi chini, zikiwa zimepangwa kwa mwinuko mkali kiasi kwamba tone la maji huteleza kabla halijapata nafasi ya kupenya. Ndani kuna giza la kupendeza, na macho yanapolizoea unaanza kuona nguzo, na vizuizi vinavyogawa sehemu ya wageni na sehemu ya ndani ya familia.

Hapa ndipo shangazi, ambaye alilelewa na bibi yake katika msonge huko Kagera, alipogeuka kuwa mwongozaji wetu. Alimweleza binti yangu jinsi nyasi laini zilivyotandikwa sakafuni na kubadilishwa zilipochakaa, na jinsi mgeni alivyokaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, wala si ya kunywa. Kisha alinusa hewa, akasema, "Mwanangu, nyumba hii ni ya kwetu kabisa, ila haina moshi." Nilidhani ni maneno ya kukumbuka utoto tu, kumbe alikuwa anazungumzia ujenzi: moto uliowaka kila siku ndani ya msonge ulikausha nyasi na kuwafukuza wadudu, kwa hiyo nyumba ambayo haipikwi ndani yake huzeeka upesi kuliko ile yenye watu.

Maneno hayo yalibadilisha namna nilivyozitazama nyumba zote zilizobaki. Hakuna nyumba ya asili iliyokusudiwa kusimama yenyewe bila wenyewe. Makuti huezekwa upya, udongo hukandikwa upya, na mchwa hawangoji bajeti. Zaidi ya hayo, nyumba za hapa zimehamishwa kutoka katika hali ya hewa iliyozizaa. Dar es Salaam hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi ikianguka kwa kishindo wakati wa masika, na tembe iliyobuniwa kwa ajili ya ukame wa Ugogo inapaswa kuvumilia mafuriko ya pwani. Kwa sababu hiyo, ukikuta mahali ukuta umepasuka au paa limelegea katika makumbusho yoyote ya namna hii, usikimbilie kulaumu. Hilo nalo ni sehemu ya somo.

Nyumba ya Wachaga inahitaji muda, hasa kwa mtoto wa mjini ambaye hawezi kuamini kwamba watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja. Binti yangu aliuliza mara tatu kuhusu harufu. Ya Wanyakyusa, watu wa Rungwe ambako mianzi ni mingi, niliipitia haraka kuliko inavyostahili kwa sababu maji tuliyobeba yalikuwa yamekwisha.

Tulipumzika kwenye nyumba ya Wazaramo, wenyeji wa mji huu, na hapo hatukuhitaji maelezo. Miti, fito, udongo, makuti, na kivuli cha kukalia mbele: ukibadilisha makuti kwa bati na udongo kwa tofali, umepata nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni, yenye baraza ambalo watu huchezea bao hadi leo. Nadhani hii ndiyo nyumba pekee hapo ambayo bado inaendelea kujengwa, ingawa kwa vifaa vingine. Nyingine nyingi zilianza kutoweka mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wagogo wengi walipohamishiwa na serikali katika vijiji vya ujamaa kwa Operesheni Dodoma, tembe ziliachwa nyuma, na nyumba bora ikawa ile ya tofali na bati. Waliokikusanya kijiji hiki mwaka 1966 walikuwa wamewahi kwa miaka michache tu.

Kwa atakayekwenda, fika saa tatu au saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali, na uvae viatu vilivyofungwa kwa kuwa njia ni za mchanga na majani. Beba maji ya kutosha kuliko tulivyobeba sisi. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni kutoka nje. Ukitaka ngoma, ulizia saa zake langoni unapoingia. Mtoto anayetaka bembea atachoka baada ya nusu saa, na anayetaka fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, apelekwe mjini, Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert. Zaidi ya yote, ukiwa na mzee wa kabila lolote aliyekulia katika nyumba ya asili, nenda naye, umwache atembee kwa mwendo wake.

Sisi tumepatana kurudi mwezi wa Aprili, mvua ikiwa inanyesha, tukiwa na miavuli. Binti yangu anataka kuona maji ya juu ya tembe yanakwenda wapi.