Huduma ya kuseti kontrola za tanuri la korosho, Mtwara

Wenye viwanda vya korosho hapa Mtwara, kama tanuri lako joto linapanda na kushuka hovyo tafuteni hawa mafundi wa kuseti kontrola (kile kifaa kinachofungua na kufunga vali ili joto likae sawa), kwa kweli wanajua kazi. Wengine wakija wanazungusha tu namba mpaka ikae sawa, hawa wanapima kwanza. Waliweka kontrola manyuo, yaani vali unaiendesha mwenyewe, wakaacha joto litulie 60, halafu vali ya mvuke wakaitoa asilimia 40 kwenda 50 mara moja wakasubiri wala hawagusi kitu, joto likaja kutulia 72. Yaani nyuzi 12 kwa asilimia 10 ya vali, gaini, yaani joto linapanda nyuzi ngapi kwa kila asilimia moja ya vali, ni 1.2. Taimu konstanti, yaani kipimo cha joto linaitikia haraka kiasi gani, wanatafuta asilimia 63.2 ya hizo 12, kama nyuzi 7.6, so unaangalia kwenye grafu joto limefika 67.6 saa ngapi, ila unaanza kuhesabu pale lilipoanza kupanda sio pale ulipofungua vali, ule muda wa kusubiri unaandikwa pembeni peke yake. Hapo ndo wengi wanachemka!! Bei imechangamka kidogo na grafu niliachiwa moja tu, ningependa na ya kushusha vali maana majibu yanaweza kutofautiana. Ila korosho sasa haziungui, nawaita tena kwenye boila.