TAHADHARI: Wakala wa Mwanza anayeuza udhamini hewa wa masta ya usalama na maendeleo Uingereza

Ndugu zangu wa Mwanza, Musoma, Bukoba na visiwani, hasa mnaotafuta nafasi ya kwenda kusoma nje, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi. Kuna mtu ana ofisi ghorofani katikati ya jiji, amenila 1,450,000, na mimi si wa kwanza.

Nafanya kazi na vikundi vya wavuvi, Igombe na Ukerewe. Miaka yote hii nimetamani kusoma shahada ya uzamili ya usalama wa kimataifa na maendeleo. Wengi wakisikia usalama wanawaza bunduki na mipaka tu. Lakini tangu ripoti ya maendeleo ya binadamu ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1994, somo hili limebeba pia usalama wa chakula, wa afya, wa kipato, wa mazingira. Sisi wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, hatuhitaji kuelezwa. Samaki wakipungua, mitumbwi inakwenda mbali zaidi, inaingia maji ya nchi nyingine, watu wanakamatwa au wanaporwa. Kule Migingo, mwamba wa Ziwa Victoria usiofika hata ekari moja, Kenya na Uganda wamevutana miaka na miaka. Baba yangu mdogo aliporwa injini na nyavu usiku ziwani, vijana wake wakapiga kasia hadi alfajiri. Nilitaka kujua nchi zinazogawana maji zinafanyaje ili mambo haya yaishe.

Yule bwana alinisikiliza vizuri sana. Akanitajia azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la mwaka 2000, lile la wanawake, amani na usalama, akaniambia, "Dada yangu, wewe ndiye hasa wanayemtafuta." Hapo ndipo aliponipata. Mtu anayeijua lugha ya fani yako unamwamini haraka.

Nikatoa 350,000 ya maombi. Wiki iliyofuata 600,000 ya kushika nafasi. Kisha 500,000 ya "kufungua faili la Chevening", maana dirisha linafungwa Ijumaa. Zote nilituma kwenye namba ya simu yenye jina la mwanamke ambaye sijawahi kumwona. Risiti nikaandikiwa kwa mkono.

Hiyo ilikuwa Machi. Chevening ni udhamini wa serikali ya Uingereza, upo tangu 1983, na dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mnamo Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Machi watu wanaitwa kwenye usaili. Kuomba ni bure na unaomba mwenyewe mtandaoni: unachagua kozi tatu, unaonyesha uzoefu wa kazi wa saa 2,800, kama miaka miwili hivi, na unakubali kurudi nyumbani ukimaliza. Hakuna faili la kufunguliwa na mtu yeyote ghorofani.

Barua ya kukubaliwa ilikuja kwa WhatsApp. Niliikuza kwenye simu nikaona nembo ya chuo ina ukungu pembeni, kama kitu kilichopigwa picha kwenye skrini. Kozi imeandikwa miezi 24, wakati tovuti ya chuo chenyewe inasema miezi 12 kwa anayesoma muda wote. Chini kuna namba ya CAS. Hiyo ndiyo namba unayoombea viza ya mwanafunzi, na chuo hakiitoi mpaka kiwe kimepokea vyeti vyako, kimeridhika na Kiingereza chako na wewe umekubali nafasi. Mimi walikuwa hawajaniomba hata nakala ya matokeo ya digrii. Nikawaandikia ofisi ya udahili ya chuo moja kwa moja. Walijibu kwa mistari miwili: hawana ombi lolote lenye jina langu.

Hela inauma, lakini lililoniuma zaidi ni hili. Alinitaka niandike maelezo binafsi, zile kurasa mbili za kueleza kwa nini unataka kusoma. Niliyaandika kwa wiki nzima, usiku, baada ya kazi. Mwezi uliopita nilikutana na kijana wa Musoma aliyepitia ofisi hiyohiyo, akanionyesha maelezo "aliyotengenezewa" kwa 200,000. Yalikuwa yangu. Baba mdogo yumo, injini imo, hadi kosa nililofanya kwenye jina la azimio limo. Vyuo vina programu za kulinganisha maandishi. Siku nikiomba kwa haki yangu, mwizi nitaonekana mimi.

Nimeripoti polisi na nimepewa RB, namba ya taarifa yangu kituoni. Kama na wewe umetuma hela, nenda kachukue yako, tukiwa wengi hawatasema ni ugomvi wa deni. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayogusa utapeli wa namna hii. Namba za simu zilizotumika zipelekeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa 15040. Usifute meseji wala muamala, hata kama unaona aibu. Nami niliona aibu miezi miwili, na katika miezi hiyo yule kijana wa Musoma akaliwa.

Ukitaka kupitia wakala, uliza kwanza TCU, tume ya vyuo vikuu, kama amesajiliwa. Na akikwambia ada ya chuo au ya udhamini iende kwenye namba ya mtu binafsi, inuka uondoke.

Na wewe uliyeuziwa maelezo yenye baba mdogo aliyeporwa injini ziwani, tafadhali usiyatume popote. Ni yangu. Niandikie inbox, nitakaa na wewe tuandike ya kwako.