Kanuni za kambi kwa vijana wa miaka 13 hadi 17: uzoefu wangu na kambi ya mahema upande wa Usa River

Ninachokadiria hapa ni kitu kimoja tu: kanuni ambazo kambi hii inawawekea vijana. Chakula, mandhari na bei ya hema sivigusi. Jina la kambi silitaji kwa sababu karatasi yenye kanuni hizo si yake peke yake. Karatasi za namna hii zimesambaa katika kambi za Arusha na Moshi, na makosa yake yamesambaa nayo. Ni ukurasa mmoja wenye vipengele 19, unaotolewa mapokezi pamoja na fomu ya mzazi. Naipa nyota 3 kati ya 5. Moja nimeikata kwa lugha, nyingine kwa yale ambayo hayakuandikwa.

Nianze na umri, maana hapo ndipo pesa hupotea. Kwa kambi, kijana ni aliyetimiza miaka 13 na bado hajatimiza 18. Wamepatia, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kasheshe inakuja siku ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kule TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, kiingilio cha mtoto ni cha miaka 5 hadi 15, na aliyetimiza 16 analipa kama mtu mzima. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuwa mtu mzima getini asubuhi, na jioni akarudi kambini kuvalishwa bangili ya mtoto. Sheria zenyewe hazigongani. Kinachogonga ni fomu ya kambi, yenye kisanduku kimoja tu cha "mtoto / mtu mzima", na mapokezi wanakitumia hicho hicho kuombea control number, yaani namba ya kulipia, ya kiingilio. Ukiweka alama ya mtoto kwa vijana watano wa miaka 16, malipo yanatoka pungufu na kundi zima linasimama getini likisubiri namba nyingine itolewe na ilipwe. Dawa yake ni kwenda na orodha yako mwenyewe yenye tarehe za kuzaliwa, walio na miaka 16 na kuendelea uwaweke kwenye karatasi yao, na uambatishe nakala ya kitambulisho cha shule au cheti cha kuzaliwa kwa kila mmoja. Orodha iwe mezani siku moja kabla ya safari.

Bangili ni wazo zuri. Ya kijani ni kwa walio chini ya miaka 18, ya bluu kwa watu wazima, na kaunta ya vinywaji haimuuzii mwenye kijani chochote zaidi ya soda, juisi na maji. Ni za kitambaa chenye kifungo cha plastiki, kwa hiyo hazichaniki bafuni kama zile za karatasi. Zinapoharibikia ni mkononi: dada wa mapokezi anazifunga kwa huruma, zinabaki pana, na kabla ya chakula cha usiku zimeshavuliwa na kubadilishana mikono. Inatakiwa ibaki nafasi ya kuingiza kidole kimoja, basi. Simama pale mezani uangalie kila mkono.

Katika kipengele hicho hicho cha ulevi, karatasi inakataza viroba, zile pombe kali za kwenye vifuko vya plastiki. Viroba vilipigwa marufuku nchi nzima tangu Machi 2017. Kijana wa miaka 13 wa leo huenda hajawahi hata kukiona. Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ambayo ndiyo inayoingia kwenye mifuko ya majaketi siku hizi, haikutajwa popote. Ukimkamata kijana nayo atakwambia, kwa adabu kabisa, kwamba karatasi inataja sigara na viroba. Mlezi, ongeza neno hilo kwa kalamu kabla hawajatia saini.

Sasa njoo kwenye ubao wa saa za utulivu, ule uliopigiliwa kwenye mti karibu na bomba la maji. Juu umeandikwa kwa Kiingereza, chini kwa Kiswahili. Kiingereza kinasema kelele mwisho "10 pm". Kiswahili chake kinasema "saa 10 usiku". Yaani aliyetafsiri amechukua namba kama ilivyo, akawapa vijana ruhusa ya kupiga spika mpaka alfajiri inanukia. Na wanasoma! Mlinzi akija na rungu lake saa 4 na dakika tano anapokewa na "shikamoo babu, ubao unasema saa kumi," na hapo mzee wa watu hana pa kushika. Nimewaambia mapokezi, wamesema fundi wa mabango ataitwa. Mpaka aitwe, tangazeni wenyewe kwa mdomo wakati wa chakula: saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, spika zote zimezimwa. Hata hivyo "kupunguza sauti" hakufai kuwa kanuni, kwa sababu besi ya spika ndogo ya bluetooth inapita kwenye turubai la hema kama halipo. Ama imezimwa, ama imewekwa ofisini.

Kipengele cha moto ndicho muhimu kuliko vyote, nacho kimeandikwa kwa maneno matano: "Hakuna moto ndani ya hema." Nia ni njema. Ila kwa kijana, moto ni kitu chenye ndimi. Jiko la mkaa lililokwisha kushika, jekundu, lisilotoa moshi, yeye haliiti moto, analiita joto. Likizo ya Juni ndiyo miezi ya baridi kali Arusha, na usiku upande wa mlimani unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12. Hapo ndipo mtu anapochukua jiko lililobaki jikoni, analiingiza kwenye kibaraza cha hema na kufunga zipu. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huziba nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyekwisha lala hazioni dalili hizo, ndiyo maana watu hukutwa wamekufa wamejifunika vizuri. Kanuni ingesomeka hivi: hakuna jiko, mkaa, mshumaa wala kibatari ndani ya hema au kwenye kibaraza chake, hata kama hautoi moshi. Nyota ya lugha niliyoikata imekatwa hapa zaidi kuliko pale kwenye saa.

Ukikataza joto, basi toa joto lingine, la sivyo jiko litarudi. Kinachofanya kazi ni maji ya moto kwenye chupa ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha, ukaivika soksi na kuiweka miguuni ndani ya begi la kulalia. Chupa nyepesi za maji ya dukani hazifai, zinanywea na kumwaga maji ya moto juu ya mtu. Baridi nyingi hutoka chini, si juu, kwa hiyo blanketi la pili lilazwe chini ya mgongo. Soksi za kulalia ziwe kavu na zisiwe zile zilizoshinda kwenye viatu. Jikoni wanakubali kuchemsha maji ya ziada ukiwaambia kabla ya saa 2 usiku. Baada ya hapo wanamwaga na kuosha masufuria.

Moto wa nje, ule wa kuota, umepangwa vizuri. Kuna duara la mawe la kipenyo cha kama mita moja, kuni zinauzwa kwa fungu, na kuokota kuni nje ya uzio ni marufuku. Mafungu mawili yanatosha saa mbili za kuota. Kosa la vijana ni kuongeza mawe yaliyolowa kutoka mtoni ili duara liwe kubwa. Maji yaliyomo ndani ya jiwe yakichemka, jiwe hupasuka na vipande kuruka usoni mwa watu. Lingine ni kuzima moto kwa kuufukia udongo. Makaa yaliyofukiwa hukaa hai mpaka asubuhi, na wa kwanza kupita pale pekupeku ndiye anayeyagundua. Acheni kuongeza kuni saa 3 na robo. Saa 4 kasorobo mwageni nusu ya ndoo ya lita 20 polepole, koroga kwa koleo mpaka chini, mwageni nusu iliyobaki, kisha weka mgongo wa kiganja juu ya majivu bila kugusa. Ukisikia joto, rudia. Yeyote anayeona hayo ni mbwembwe akumbuke moto wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020 na siku ulizochukua kuzimwa.

Kutoka nje ya geti kunaruhusiwa hadi saa 12 jioni. Ni saa sahihi, kwa kuwa jua letu huzama kati ya saa 12 na dakika 20 na saa 1 mwaka mzima, na bodaboda za usiku kwenye barabara ya vumbi si za kumpakia mtoto wa watu. Lakini litazame daftari la mlinzi: lina safu ya jina, ya namba ya hema, ya saa ya kutoka na ya sahihi. Safu ya saa ya kurudi haipo. Ukiuliza saa 1 usiku nani hajarudi, daftari linakupa majina ya wote waliotoka tangu asubuhi, mzee anaanza kukumbuka sura. Chora mstari wa safu ya tano kwa rula. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, na hawakatai.

Mahema ya wavulana yako juu, ya wasichana chini karibu na kibanda cha mlinzi. Sawa. Vyoo vya wasichana lakini vimejengwa juu, kwa hiyo binti anayetoka saa 8 usiku anakatiza kati ya mahema ya wavulana na kamba zake. Omba kundi lako lipinduliwe, wasichana wawe juu. Kamba zifungwe vitambaa vyeupe, na kila hema liwe na tochi moja ya kichwani inayoning'inia mahali pamoja. Hema linaloitwa la watu wanne walale watatu, mabegi nayo yanahitaji pa kulala.

Uwiano wa mlezi mmoja kwa vijana kumi unatosha mchana, usiku hautoshi. Kundi la kumi lenye wavulana na wasichana na mlezi mmoja wa kiume ni mtego kwa kila mtu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Wawe wawili, mwanamke na mwanamume, hata kundi likiwa la sita.

Chakula hakiingii hemani. Nyani na tumbili wanajua zipu ni nini. Msimu wa mvua kuna na siafu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo wasije nayo.

Simu hukusanywa saa 4 usiku na kuwekwa kwenye boksi ofisini. Siungi mkono kukusanya zote. Boksi halina namba wala stakabadhi, na hema lisilo na simu haliwezi kumwita mlezi mtu akibanwa na pumu. Abaki na simu mtu mmoja kwa kila hema, ikiwa na chaji na namba ya mlezi. Nyingine zibandikwe gundi ya karatasi yenye namba ya hema, ziorodheshwe.

Pumu imenikumbusha fomu ya mzazi. Inauliza mzio na dawa anazotumia mtoto, inaishia hapo. Ongeza kifafa, kisukari, na zaidi ya vyote selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Baridi, uchovu na kukosa maji vinaweza kuamsha maumivu makali kwa mwenye selimundu, na kambi ya Juni inavyo vyote vitatu. Huyo asiingie mtoni, apewe hema la ndani lisilopigwa na upepo, na chupa yake ya maji ikaguliwe kila mlo.

Kanuni zote 19 zinaishia getini, ilhali kambi yenyewe inauza safari ya siku moja kwenda chemchemi za Kikuletwa, zile tunazoziita Chemka, upande wa Boma Ng'ombe. Maji ya pale ni maangavu mno, na maji maangavu hudanganya: sakafu huonekana karibu kuliko ilivyo. Asiyejua kuogelea anashuka akidhani yatamfika kiunoni. Kamba ya kurukia nayo inataka foleni, maana anayeruka hamwoni anayeibuka. Mlezi mmoja awe ndani ya maji, mwingine juu ya ukingo akihesabu vichwa kila baada ya dakika kumi, na wasiojua kuogelea wafungwe kitambaa cha rangi mkononi kabla hawajavua viatu.

Dhamana ni shilingi 50,000 kwa hema. Inarudishwa yote mkikagua pamoja kabla ya saa 4 asubuhi ya kuondoka: vigingi 12, mifuko ya nguzo miwili, zipu zote zinakimbia. Vigingi vihesabiwe na siku ya kufika. Hema nyingi hukabidhiwa zikiwa na vigingi 10.