Miezi 28, pauni 510, na chombo cha anga kilichoinama

Nianze na namba. Novemba 2021 niliichangia kampuni moja ndogo mtandaoni pauni 360 ili nitengenezewe modeli ya chombo cha anga kutoka tamthilia moja ya zamani ya Marekani. Waliahidi Desemba 2022. Kimefika Machi 2024. Hapo katikati nikadaiwa pauni 55 za usafirishaji, ambazo mwanzo zilitajwa kwa maandishi madogo tu, na mzigo ulipoingia Uingereza msafirishaji akataka VAT, pauni 83, pamoja na 12 nyingine za kunishughulikia hiyo VAT. Jumla 510. Mke wangu mpaka leo anajua 360. Akisoma hapa, basi, na iwe.

Kampuni siitaji, wala chombo chenyewe sikitaji, kwa sababu barua za madai bado zinakwenda na kurudi na sitaki kuja kuambiwa nimewaharibia watu jina. Nitaeleza nilichokishika mkononi.

Mimi ni mtu wa Unguja, nimekulia Michenzani, sasa nipo Leicester mwaka wa 16. Ugonjwa huu wa vyombo vya anga niliupata ghorofa ya nne, kwa jirani aliyekuwa na deki ya video na ndugu Dubai wa kumletea mikanda. Watoto tulijaa chini kwenye jamvi, wakubwa kwenye makochi. Pale ndipo nilipomwona Luteni Uhura wa Star Trek, na ami yangu akatwambia jina hilo limetolewa kwenye "uhuru" wetu. Tukambishia. Kumbe kweli. Tangu siku hiyo kila chombo cha anga kilichopita kwenye kioo kile nilikihesabu kama mali yangu kidogo.

Hiki nilichochangia si cha tamthilia hiyo, lakini kilikuwa kwenye mikanda ile ile, na miaka yote hakukuwa na kampuni iliyokitengenezea modeli kubwa yenye taa. Wenye mikono walijitengenezea wenyewe kwa mbao na plastiki. Mikono yangu mimi ni ya kuendesha forklifti.

Kwa hiyo tangazo lilipotoka, nilikuwa nimeshashawishika kabla ya kusoma. Picha zilikuwa nzuri mno: chombo kinaelea gizani, mamia ya madirisha yanawaka, kila paneli ya ubavuni na kivuli chake. Skeli 1:350, yaani mara 350 ndogo kuliko chombo halisi, urefu sentimita 60, mwili wa plastiki ya ABS, mikono ya injini ya aloi ya zinki, taa za LED, stendi nzito. Na maelezo ya kwa nini walitaka pesa mbele yalikuwa ya haki. Plastiki ya namna hii husukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma, na kalibu moja kubwa inaweza kula makumi ya maelfu ya dola kabla hujatoa kipande hata kimoja. Mwenye kampuni ndogo hana pesa hizo, wala benki haimkopeshi kwa ajili ya midoli ya watu wazima.

Tena mifano mizuri ilikuwepo. Mwaka 2018 Hasbro, watengeneza midoli wa Marekani, ambayo si kampuni ndogo hata kidogo, ilisema italitengeneza lile jahazi la jangwani la Jabba wa filamu za Star Wars iwapo tu watapatikana watu 5,000 wa kuweka oda ya dola 499.99. Wakajitokeza zaidi ya 8,800. Jahazi likatengenezwa, likafika, lina zaidi ya mita moja. Nikasema, sasa mchango ni kitu cha kutufundisha sisi? Tumechangia harusi, tumechangia misiba, tumechangia watu kwenda kutibiwa India. Mama yangu kasomesha watoto kwa upatu. Nikatoa kadi.

Miezi ya kungoja siirefushi. Mwanzo taarifa zilikuja kila wiki, zote zikianza na "familia yetu". Familia, tumechagua rangi. Familia, tumepata kiwanda. Baadaye ikawa kila mwezi, bei ya makontena imepanda, na mwaka huo kweli ilikuwa imepanda. Halafu kimya cha miezi minne, halafu picha moja ya sanduku tupu. Watu wakashangilia sanduku. Na mimi nilishangilia, nikiri.

Mzigo ulifika Jumanne asubuhi, nimetoka zamu ya usiku, macho mekundu. Sanduku ni zuri, hilo siwanyimi. Limechapwa pande zote, mfuniko unajifunga kwa sumaku, ndani sponji imekatwa kwa umbo la chombo mpaka kwenye vidole vya antena. Nikaweka chai pembeni, nikakinyanyua kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kikaja juu haraka kuliko nilivyojiandaa. Kilikuwa chepesi kama sahani ya pikiniki.

Mikono ya injini, ile ya aloi ya zinki, nikaigonga kwa ukucha. Plastiki, imepakwa rangi ya fedha. Ukigonga chuma kinakujibu kwa sauti nyembamba na kidole kinahisi baridi. Hii ilisema "tok" na ilikuwa na joto la chumba.

Nikachukua futi kamba ya cherehani ya mke wangu, nikalaza chombo juu ya zulia. Sentimita 54. Nikapima tena kutoka upande wa pili, kana kwamba sentimita sita zingekuwa zimejificha nyuma. Kwa maelezo yao wenyewe chombo halisi cha kwenye hadithi kina mita 210. Ukigawa kwa 350 unapata sentimita 60 kamili. Ukigawa kwa 54 hii, skeli inakuwa karibu 1:389. Kwa asiyekusanya hili ni jambo dogo. Kwetu sisi, modeli zinapangwa rafu moja kwa skeli moja ili uone kipi kilikuwa kikubwa kuliko kipi. Yangu sasa inasimama na wenzake kama mtoto aliyevalishwa sare ya skuli ya kaka yake, ila kinyumenyume.

Nikakiweka kwenye stendi, nikafunga mapazia, nikawasha.

Injini ziliwaka vizuri. Rangi ya buluu inapanda taratibu, inatulia, na kwa sekunde mbili tatu nilikuwa tena juu ya jamvi la ghorofa ya nne. Halafu nikaona tumbo la chombo lote linawaka, jekundu-jekundu, kama kiganja ukikiweka mbele ya tochi. Taa haikuwa inatoka madirishani peke yake, ilikuwa inapenya kwenye ngozi yenyewe. Dawa ya tatizo hili inajulikana na kila mtoto anayeunganisha modeli: kabla ya kufunga taa unapaka ndani rangi nyeusi au ya fedha, mwanga ukae ndani, utokee ulipotobolewa tu. Ni kazi ya mkono mmoja wa rangi. Waliiruka.

Madirisha nayo yana kisa. Yale ya kutobolewa ni machache, upande wa kulia. Mengine yamechapwa kwa ule mhuri wa mpira unaobeba wino kutoka kwenye bamba na kuubandika juu ya plastiki, na panapopinda, mhuri umeteleza. Kuna dirisha moja karibu na mlango wa vyombo vidogo ambalo nusu yake imo ndani ya fremu na nusu imepanda ukutani. Sasa siwezi kuitazama modeli bila kuanzia hapo. Najua ile sampuli ya kwenye picha ilipakwa kwa mkono na fundi, na kiwanda hakiwezi kupaka maelfu namna ile. Lakini baada ya sampuli ya mkono hutoka sampuli ya kwanza ya kiwandani, na hiyo hatukuonyeshwa hata siku moja.

Na kimeinama. Nilipima kutoka mezani: ncha ya injini ya kulia milimita 38, ya kushoto 31. Plastiki iliyochukua nafasi ya chuma haiwezi kubeba injini iliyojaa waya. Wiki ya tatu ikawa 29. Mwanangu wa miaka tisa akauliza kama chombo kimepigwa vitani.

Nikawaandikia kwa adabu, na picha 11. Jibu likaja baada ya siku 19: vipimo vya mwisho "vinaweza kutofautiana", na nikumbuke kwamba sikununua bidhaa, nimeunga mkono ubunifu. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira hasa. Miaka miwili nimeitwa familia, na siku ya kuuliza nimekuwa msamaria mwema aliyetoa kwa hiari yake. Kwetu mchango una kamati. Una mtu mwenye daftari, na shughuli ikiisha anasoma kilichoingia na kilichotoka, na bibi mmoja kule nyuma lazima atauliza mchele umebaki magunia mangapi. Hapa nimeuliza pesa ya zinki imekwenda wapi, nikaambiwa asante kwa upendo wako.

Kuna mambo ningeyajua mapema ningejisaidia. Hapa Uingereza, sheria ya mikopo ya mlaji ya 1974, kifungu cha 75, inaifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000. Mchango wa mtandaoni ukiuingiza humo utabishaniwa, kwa sababu hiyo hiyo ya "hukununua", lakini angalau una mlango wa kugonga. Mimi nilitumia kadi ya benki ya kawaida, ambayo kifungu hicho hakiigusi. Nimeomba benki irudishe muamala. Wamefungua faili, na mpaka sasa wanalitazama. Majukwaa yenyewe ya michango ya mtandaoni hayakuficha kitu: Kickstarter, mojawapo, lililoanza mwaka 2009, linasema wazi kwamba lenyewe si duka.

Mtu wa kazini kwangu alinitajia utafiti wa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wa 2015, uliowauliza wachangiaji wa Kickstarter na kukuta kwamba kama asilimia 9 ya miradi ilishindwa kuleta ilichoahidi. Alitaka kunituliza. Mimi katika asilimia hiyo sijihesabu, maana sanduku limefika na saini yangu ipo. Nimo katika 91 iliyobaki, kwa watu wenye bahati.

Mwaka 2017 nilikwenda Washington kwa binamu yangu, akanipeleka makumbusho ya anga ya Smithsonian. Ukumbi wa chini wamekiweka kile chombo cha Enterprise cha Star Trek chenyewe, kile kilichopigwa picha: mbao, plastiki na bati, kimetengenezwa mwaka 1964, kina karibu mita 3.4. Upande wa kulia umekamilika, una madirisha na alama zote. Zunguka kushoto: hamna kitu, ndiko nyaya za taa zilikotokea, kwa kuwa kamera haikufika huko. Nilisimama pale muda mrefu nikicheka peke yangu. Kile kilikuwa na haki ya kuwa na upande mmoja. Kilitengenezwa kwa ajili ya kamera, na hakuna aliyeambiwa vinginevyo. Changu pia kina upande wa kamera, ule wa madirisha ya kutobolewa, na ndio huo ulioonekana katika kila picha ya tangazo. Nilirudi kuzitazama zote, moja moja. Hakuna hata moja ya kushoto.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ya injini, zile sekunde mbili tatu nilizozisema. Nyingine ya sanduku, ambalo mwanangu keshalifanya karakana ya magari yake na linavumilia. Kwa pauni 120 dukani, ukikiona kabla ya kulipa, ningekuelewa ukikichukua. Kwa 510, hapana. Wapo wachangiaji wanaotetea kwamba tushukuru kimefika. Nawaheshimu, na wawili kati yao nimewauliza urefu wa vyao, hawajanijibu.

Mkono ulioinama nimeutilia kijiti cha shaba kwa ndani, sasa ni 36 kwa 38, jicho la mgeni halioni. Ganda la juu nililifungua kwa kadi ya zamani ya basi, nikapaka ndani nyeusi mikono miwili, na mwanga wa juu sasa unatoka madirishani tu. La chini bado linawaka kama kiganja. Vishikizo vyake ni vinne, viwili vimefichwa chini ya alama za namba, na cha kwanza nilichojaribu kilitoa mlio nisioupenda nikaacha. Kama kuna aliyelifungua bila kuvunja, naomba aniambie alianzia mbele au nyuma.