CocoCay au Ocean Cay: kisiwa kipi kinakufaa?

Vyote viwili viko Bahamas, na ni visiwa vya kampuni za meli za utalii. CocoCay ni cha kampuni ya Royal Caribbean, na kilipata sura mpya mwaka 2019. Ocean Cay ni cha kampuni ya MSC, kilianza kupokea wageni mwishoni mwa mwaka huohuo. Zamani watu walichimba mchanga pale.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo wengi hushtuka. CocoCay, bwawa kubwa la kuogelea na chakula cha kawaida vimo ndani ya nauli. Mitelezo mikubwa ya maji je? Hiyo hulipiwa kando, na bei hupanda na kushuka kulingana na tarehe. Mrefu kuliko yote una kimo cha futi 135, yaani mita 41 hivi, na mtoto akishauona hutamtoa hapo. Baba mwenye watoto wanne apige hesabu kabla ya kupanda meli. Ocean Cay haina mitelezo mikubwa kama hiyo, kwa hiyo kishawishi hicho hakipo.

Kwa utulivu, Ocean Cay inashinda: fukwe zaidi, mnara wa taa, na mara nyingi meli hubaki hadi usiku.

Kuhusu uhakika wa meli kutua kisiwani, hali ni ileile. Vyote vina gati, lakini upepo ukichachamaa, hasa miezi ya baridi, nahodha huweza kupita tu bila kusimama. Usikate tiketi kwa ajili ya kisiwa peke yake.

Mimi ningempeleka mama yangu Ocean Cay, na wapwa zangu CocoCay.