Kipima udongo cha vijiti viwili: upande wa pH ni pambo tu

Kifaa chenyewe ni kiboksi cha plastiki chenye mshale, vijiti viwili vya metali tofauti na swichi ya unyevu, mwanga na pH (kipimo cha asidi ya udongo, 7 ikiwa katikati). Hakina betri, umeme wake huzalishwa na metali hizo mbili zikikutana na udongo wenye maji. Ndiyo maana hakiaminiki kwa pH. Kinachosukuma mshale ni mkondo unaopita, na mkondo hutegemea maji na chumvi kuliko asidi. Wakati wa kaskazi udongo mkavu huuacha mshale karibu na 7, iwe Konde ya Pemba au Makunduchi ya Unguja, ardhi mbili zisizofanana hata kidogo.

Anayekitumia asugue vijiti kwa msasa laini, aloanishe udongo kwa maji ya mvua, asubiri nusu saa, achomeke mpaka shingoni, asome baada ya dakika moja. Kisiachwe ardhini, vijiti huliwa. Hata hapo, usinunue chokaa kwa kufuata namba yake.

Kwa unyevu kinasaidia kulinganisha tuta na tuta kwenye kichanga (udongo wa mchanga) au kinongo (udongo mwekundu wenye kina). Karibu na pwani hudanganya: chumvi hupitisha umeme, mshale husema majimaji huku mchicha umenyauka. Kwenye uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo kidogo, usijaribu kabisa, kijiti kikigonga jiwe hupinda.

Tena, kwa anayetaka kupanda mkarafuu, swali la kwanza si pH bali kina cha udongo na maji kutotuama. Hilo hujibiwa na jembe. Chimba shimo la mita moja kama ardhi inaruhusu, mwaga ndoo mbili za maji; yakibaki mpaka kesho yake, pafikirie mpunga. Ukutani mwa shimo tafuta rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu, dalili kwamba maji hukaa humo masika, hata kama leo pamekauka. Kisha dondoshea siki kwenye bonge la udongo. Likitoa povu lina chokaa ya matumbawe, na majani machanga yakiwa njano yenye mishipa ya kijani, mmea unakosa madini ya chuma. Chokaa zaidi itaharibu; weka samadi iliyooza.

Anayetaka namba ya pH apeleke sampuli maabara: vijisehemu 15 hadi 20 vya shamba, kina cha sentimita 20, vichanganywe, vikaushwe kivulini, ibaki nusu kilo. Ndoo iwe ya plastiki. Ya bati huongeza zinki kwenye majibu.