Miaka mitatu na Subaru STI hapa Tanga: mbio kidogo, kusubiri kwingi

Naandika haya nikiwa sina usafiri. Gari ninayo, ipo uani Sahare imefunikwa turubai, ila haijatembea tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Klachi. Nasubiri kifurushi kutoka Dar, kama ninavyosubiri kifurushi kila baada ya miezi miwili mitatu tangu niinunue. Na kwa kuwa haipiti wiki bila kijana kuingia dukani kwangu Ngamiani na kuuliza, "Kaka, na mimi nitafute moja?", nimeona niyaseme yote mara moja.

Ni Subaru Impreza WRX STI ya 2004, yaani Impreza iliyotengenezwa kimbio, mtumba wa Japani, buluu, gia 6 za mkono, breki za Brembo. Injini ni EJ207 ya lita 2.0 yenye tabo, ile pampu inayoisukumia injini hewa ya ziada. Kwenye makaratasi ina nguvu za farasi 280, kwa sababu enzi hizo watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, na geji ya spidi inaishia 180. Niliichukua mkononi mwaka 2022 kwa milioni 22, kwa jamaa wa Dar aliyenikabidhi funguo huku akitabasamu kuliko muuzaji anavyopaswa kutabasamu.

Sitajitetea sana kwa nini niliinunua. Mwaka 2000 nilikuwa likizo kwa mjomba Mombasa, Richard Burns akashinda Safari Rally kwa Subaru ya buluu, na mimi nilikuwa mtoto mbele ya televisheni. Mengine mnayajua.

Kitu cha kwanza kilichowavunja moyo watu wa mtaani ni mlio. Vijana wa bodaboda walikusanyika kusikia ule mngurumo wa Subaru, nikawasha, wakatazamana. "Mbona haivumi?" Ukweli ni kwamba STI za soko la Japani za toleo hili zina mabomba ya ekzosi yenye urefu unaolingana hadi kwenye tabo, kwa hiyo ule mdundo wa kukatakata mliouzoea kwenye Subaru nyingine humu haupo. Mmoja alinishauri nitoboe ekzosi. Nikamshukuru.

Tuje kwenye mafuta, maana ndiyo swali la kwanza la kila mtu. Mjini, kati ya Sahare, Ngamiani na Chumbageni, inanipa kilomita 7 kwa lita. Safari ndefu nikitulia inafika 10. Tenki ni lita 60. Lita ikicheza kwenye 3,000, kujaza ni 180,000, na Agosti 2022, bei ilipopita 3,400, nilipita sheli nikageuza shingo upande wa pili. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA wanapotangaza bei mpya, mimi na madereva wa daladala tunaisoma kwa sura moja. IST ya shemeji yangu inatumia nusu ya hayo, na tukitoka pamoja tunafika pamoja.

Ila mafuta si tatizo, kwa sababu unayajua kabla. Tena Japani gari hii ilipangiwa petroli ya oktani 100, ile isiyowaka kabla ya wakati wake, ila hapa kwetu inakunywa ile ile ya Noah, kwa hiyo ukiikanyaga sana kwenye joto la Januari unasikia injini ikigonga kwa mbali, kama mtu anayetikisa misumari kwenye kopo. Ukiusikia mlio huo, toa mguu. Nilivyoelewa maana yake nikaacha kabisa kuilazimisha mchana, na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza nimelipia farasi wangapi na ninatumia wangapi.

Halafu tabo. Ukifika nyumbani huzimi hapo hapo. Unaiacha injini iungurume kidogo ili oili iendelee kupita na tabo ipoe, hasa ukitoka safari. Kwa hiyo kila jioni nakaa ndani ya gari, uani, dakika mbili tatu, mikono mapajani. Mwaka wa kwanza mama alikuwa anatoka jikoni na mwiko mkononi. "We, umelala humo?" "Naipoza, mama." "Yaani umefika halafu hujafika." Siku hizi hatoki tena, anapakua tu na kufunika sahani.

Oili yenyewe naibadilisha kila kilomita 5,000 bila kuruka hata mara moja, zaidi ya lita nne za oili nzuri, na naipima kwa kijiti kila Ijumaa. Injini hizi zikikosa oili zinakatika beringi za konrodi, na hapo huzungumzii tena matengenezo, unazungumzia injini nyingine. Nanunua sehemu moja tu ninayoiamini. Ukiona kopo la oili ya bei kubwa linauzwa nusu bei barabarani, mwachie mwenye Vitz.

Fundi wangu yuko Makorora, mtu mzima, mtaratibu, na ndiye sababu gari bado iko hai. Mara ya kwanza kubadilisha plagi alizunguka boneti mara mbili kimya. Silinda za Subaru zimelala ubavuni, mbili kulia mbili kushoto, kwa hiyo plagi hazipo juu kama kwenye gari za watu. Unatoa betri upande huu, unatoa boksi la chujio upande ule, ndipo unapenyeza mkono kati ya injini na bodi. Akaingiza mkono, akautoa una mchubuko, akasema, "Mwanangu, aliyebuni hii alikuwa na vidole kama vya mshona kofia." Kazi ambayo kwenye IST ni ya dakika 20 ilichukua asubuhi nzima, na hakunitoza zaidi. Nilimletea samaki.

Sasa tuta. Kutoka barabara ya lami hadi getini kwangu kuna matuta matatu, la mwisho lilijengwa na majirani wenyewe baada ya mtoto kugongwa na pikipiki, kwa hiyo siwezi kulilalamikia na silalamiki. Lakini tumbo la gari yangu halifiki shibiri moja kutoka ardhini. Nikilikaribia nasimama kabisa, nageuza usukani, naliingia mshazari: tairi ya kushoto ya mbele inapanda kwanza, gari inainama kama ngalawa, kisha ya kulia, halafu napumua. Nikisahau nikaenda moja kwa moja, bampa inasema kraaa, na bibi anayeuza vitumbua pale kona anasema "pole" kabla sijateremsha kioo. Nyuma yangu bajaji inapiga honi. Wakati huo huo baiskeli, na Tanga hii baiskeli hazihesabiki, zinanipita kushoto na kulia, na kuna mzee mmoja mwenye tenga la mkaa huwa ananipungia mkono kila anaponipita.

Barabara kuu je? Watu wanadhani huko ndiko ninakojilipa. Kutoka Kange, kwenye stendi ya mabasi ya Tanga, hadi Segera ni kama kilomita 70, na katikati hapo ni vijiji, vibao vya 50, rasta, matuta tena, na trafiki na tochi yake chini ya mwembe. Nimepigwa faini mara mbili, 30,000 kila moja, zote halali, zote chini ya kilomita 65 kwa saa. Gari ikiwa gia ya tatu haioni tofauti ya 50 na 65. Inaona kama imesimama. Sasa ninatembea 48 nikiwa nimeganda, basi la Dar linanipita, Noah iliyojaa mikungu ya ndizi inanipita. Pale karibu na Muheza afande mmoja alinisimamisha akakagua bima, leseni, mtungi wa zimamoto, akarudisha kila kitu, kisha akaniuliza kwa huruma kabisa, "Gari kama hii unaiendesha hivi, inaumwa?"

Bima nitaipitia haraka. Ndogo ni 118,000 kwa mwaka. Kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani na VAT juu yake, ambayo kwa milioni 22 inanifikisha 908,600. Nilikata kubwa mwaka wa kwanza, wa pili nikakata ndogo na kuanza kulala kidogo.

Kinachouma kweli ni spea. Tanga ukivunja kitu cha IST, Noah au Probox, unavuka barabara unakipata. Subaru za kawaida nazo zipo, Forester na Impreza, na hilo linakudanganya, kwa sababu STI ina jina la Impreza na sura ya Impreza lakini chini si Impreza. Pedi za breki za Brembo haziingiliani na za ile ya kawaida. Tairi ni 225/45R17. Mjini nilipewa kila saizi isipokuwa hiyo, na kijana wa duka alinishawishi kwa dakika kumi kwamba nibadilishe rimu ziwe ndogo ili "zipatikane". Kwa hiyo kila kitu ni Kariakoo: picha kwa simu, pesa kwa simu, kifurushi kwenye basi la usiku, halafu asubuhi Kange kwenye dirisha la vifurushi, ukitaja namba yako ya simu kwa sauti mbele ya watu na kuombea kisiwe kimepitilizwa.

Hii klachi ndiyo imenifanya nikae kuandika. Nilimtumia muuzaji picha ya gari, namba ya chesisi, namba ya injini, nikaandika kwa herufi kubwa GIA 6. Nikalipa 750,000. Kikaja Ijumaa. Fundi alikuwa ameshashusha giaboksi, na yeye hashushi giaboksi ile kwa furaha. Akafungua boksi, akaitoa sahani mpya, akaiweka juu ya ile ya zamani mezani pale kwenye gazeti lenye oili. Hatukusema kitu. Ya zamani ilijitokeza ukingoni pande zote, kama sahani ya baba iliyowekewa sahani ya mtoto juu. Ya STI ni milimita 240. Tuliyoletewa ni 230, ya WRX ya kawaida isiyo STI, ya gia 5. Muuzaji nilipompigia alisema, "Lakini zote si Subaru, bosi?" Nimeirudisha, nauli juu yangu, na giaboksi iko chini ya turubai pamoja na gari.

Hewa ya bahari nayo, nisiisahau. Gari iliyokaa Japani bila kutu, miaka miwili Sahare imeanza kuonyesha rangi ya chai kwenye boliti za chini. Naiosha tumbo kwa maji baridi kila wiki mbili, na hiyo haigharimu kitu ila mgongo.

Mazuri? Yapo, na ni kilomita zisizofika arobaini. Ile barabara ya Mombo kwenda Lushoto, Jumapili alfajiri, kabla ya malori ya mboga kuanza kushuka. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, kona baada ya kona hadi Soni. Huhitaji mwendo mkubwa pale, wala barabara yenyewe haikuruhusu. Gia ya pili, ya tatu, ya pili tena, na gari ambayo mjini inanung'unika kama mgonjwa inaamka, inashika lami kwa miguu yote minne, unatazama kona na tayari umeshaipita. Nimeifanya mara tano katika miaka mitatu. Mara ya mwisho nilimchukua mama. Alishika mpini wa mlango kimya mpaka Soni, pale akashuka, akanunua kabichi nne na karoti, akazipanga kwenye buti kando ya lile tenki la maji ya kupozea intakula, kipoza hewa ya tabo, akasema, "Kumbe inatembea."

Kwa hiyo ukiniuliza dukani, jibu langu ni hili: kama una gari nyingine ya kukupeleka kazini, na fundi mwenye subira, na milioni tatu nne zilizokaa pembeni bila kazi, tafuta moja. Kama ndiyo gari yako pekee, chukua IST, uje siku moja nikupeleke Soni.

Simu imeita nikiwa kwenye aya hii. Kifurushi kimeshuka Kange. Safari hii nimemwambia kijana wa dirishani akifungue na apime kwa rula kabla sijalipa nauli ya bodaboda. Amesema hana rula, nije na yangu.